Pimbi Mshika Nafasi

Wewe uliyekunja pua hapo, ikunjue. Sijafungua kinywa sawasawa, umeshaamua kwamba pimbi hawezi kugombea ubunge. Asiweze kwa nini? Waliomo bungeni umewahi kuuliza waliingiaje? Hujauliza. Leo nimetaja pimbi, ndipo umepata akili ya maswali. Kaa vizuri, na kama lazima ubishe, bishia moyoni.

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba, ndoo na serikali, kulikuwa na jimbo linaitwa Jabalini. Katikati ya jimbo palikuwa na jabali kubwa, na chini ya jabali palikuwa na kisima. Maji yake matamu, baridi, hayakauki kiangazi wala masika. Jimbo zima lilichota hapo.

Juu ya jabali, kwenye nyufa za mawe, waliishi pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, kiwiliwili kimejaa, mkia hana. Ukimwona kwa mbali utasema huyo ni panya aliyeshiba. Mmoja wao alikuwa bibi wa makamo jina lake Siwema. Alikuwa na mume, sufuria, jembe na ulimi.

Bi Siwema aligombea ubunge. Tena si mara moja.

Mara ya kwanza alipanda juu ya kichuguu, akawaeleza wananchi habari za kisima: tope lizolewe, mfereji uchimbwe, wadogo wasikanyagwe kwenye foleni. Maneno ya maana matupu. Waliosikiliza walikuwa wawili. Mmoja alikuwa jirani yake, Bi Nungu, nungunungu wa bonde la pili. Mwingine alikuwa Kobe, naye hakuja kusikiliza, alikuwa anakatiza uwanja tu. Hotuba ikaisha kabla hajamaliza kukatiza.

Siku ya kura ikafika. Wanyama wa Jabalini hawakupiga kura kwa karatasi. Kila mgombea alisimama uwanjani, na aliyemtaka alikwenda kupanga mstari nyuma yake. Kisha Korongo, msimamizi wa uchaguzi, alipita na miguu yake mirefu akigusa kila kichwa kwa mdomo, ko, ko, ko, anahesabu.

Nyuma ya Bi Siwema akasimama Bi Nungu. Nyuma ya Bi Nungu hakusimama mtu. Nani asimame nyuma ya nungunungu, miiba yote ile ikimtazama usoni?

"Shoga, basi nisimame mwisho," Bi Nungu akasema.

"Mwisho wa nani? Uko peke yako."

Hata mumewe, Bwana Hatibu, alionekana kwenye mstari wa Kiboko, amevaa kofia ya Kiboko iliyomfunika mpaka mabegani. Jioni mkewe akamwuliza ndiyo nini ile.

"Kofia ni kofia, mke wangu," Hatibu akajibu. "Jua lilikuwa kali."

Kiboko akashinda, akaenda bungeni, akalala. Miaka yote ya ubunge wake aliamka pale tu walipoulizwa wanaoafiki, akasema ndiyooo, akalala tena.

Mara ya pili Bi Siwema akasema: kumbe watu hawa wanasikia kwa tumbo. Akapika kunde. Akapika sufuria moja, akaazima nyingine, akapika na hiyo. Wakaja. Wakala, wakaramba, wakamsifu mkono wake, wengine wakafungasha. Siku ya kura wakapanga mstari kwa Nyati.

Bi Siwema akamshika Digidigi, ambaye alikuwa amekula zaidi ya wote.

"Digidigi mwanangu, kunde zangu zilikuwa na mchanga?"

"Hapana mama, tamu kabisa."

"Maneno yangu yalikuwa mabaya?"

"Mazuri mno."

"Sasa mbona umekwenda kwa Nyati?"

Digidigi akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa. "Mama, wewe huwezi kushinda. Nami sipotezi kura yangu."

"Na kwa nini siwezi kushinda?"

"Kwa sababu hakuna anayekupigia."

Nyati akashinda, akaenda bungeni. Zamani alikuwa askari, kwa hiyo watu walimwita Afande, wakatarajia atawaka moto huko. Alisema mara moja tu. Alisema dirisha lifunguliwe.

Basi mtu mwingine angekata tamaa, akatulia kwake akafuga kuku. Bi Siwema naye alikuwa ametulia. Kilichomwinua ni kisima.

Pale kisimani palikuwa na desturi ya kushikiana nafasi. Foleni ilikuwa ndefu, na mwenye shughuli aliweka jiwe lake mstarini akamwambia mwenzake, "Nishikie nafasi, nakwenda kumnyonyesha mtoto." Akirudi, anapishwa, hakuna ugomvi. Desturi nzuri. Lakini wakubwa wakiipenda desturi nzuri, ujue wadogo wameshapata kazi. Kiboko hakuwahi kupanga foleni tangu alipoota meno. Nyati vilevile. Waliwaambia wadogo, "Nishikie nafasi," wakaenda zao kuoga matope, wakarudi zamu imefika. Na aliyeshikishwa mara nyingi kuliko wote alikuwa Bi Siwema, kwa kuwa aliishi hapo hapo juu.

Asubuhi moja alikuwa amesimama mbele ya foleni, amemshikia Kiboko. Kiboko akaja akijikokota, pwa, pwa, pwa. Bi Siwema akampisha, akasogea pembeni na ndoo yake. Nyati naye akafika. Wakubwa hao wawili wakaanza kuzungumza juu ya kichwa cha pimbi kana kwamba pale pana kisiki.

"Mwaka huu muswada wa kisima unaingia bungeni," Kiboko akasema. "Anayeshinda anaupitisha."

"Nikishinda mimi," Nyati akasema, "nazungusha ukuta. Majani ya pembeni yangu, maji utaoga wewe."

"Nikishinda mimi, hivyo hivyo."

"Na majukwaani?"

"Majukwaani tutukanane kama kawaida. Watu wanapenda."

Wakacheka, hu, hu, hu. Hapo Kiboko akamwona Bi Siwema ananyanyua ndoo. Akamhurumia.

"Usijali mama. Ukuta ukishajengwa hakutakuwa na foleni tena. Mtapumzika."

"Tutakunywa nini, Mheshimiwa?"

"Mtazoea," Kiboko akasema, akatumbukia. Chubwi.

Bi Siwema akapanda jabali na ndoo yake hata haikujaa. Alipofika juu akakaa, akatazama chini. Akaona foleni inavyojipinda: swala, ngiri, kanga na vifaranga vyao, sungura, kenge, kila mtu na chombo chake. Wote hao wangekuwa wamevaa khanga zenye sura ya Kiboko kifuani siku ya kura, au wanalamba chumvi ya kugawiwa na Nyati. Wangejifungia kisima kwa mikono yao wenyewe, tena kwa vigelegele.

Hakulia. Alikwenda kwa Korongo akaandikisha jina.

Korongo akachukua chaki, akaandika ubaoni chini ya Kiboko na Nyati: Siwema. Akamtazama kutoka juu huko aliko.

"Bibi, hii ni mara ya tatu."

"Najua kuhesabu, bwana. Nisomee kanuni."

"Kanuni husomwa siku ya kura, asubuhi."

"Asubuhi hiyo wakubwa huwa wamefika?"

Korongo akafikiri. Akasema kwamba, kwa kweli, tangu ashike kazi ile hajawahi kuona mkubwa anafika kabla kanuni hazijaisha kusomwa.

"Basi nisomee mimi sasa," Bi Siwema akasema.

Akasomewa. Zilikuwa chache. Mstari ni wa mgombea aliyesimama mbele yake. Baragumu likishalia, uwanja umefungwa, haingii mtu wala hatoki mpaka hesabu iishe. Atakayegawa kitu ili apigiwe, akikiri mwenyewe, jina lake linafutwa. Bi Siwema akaomba hiyo ya kwanza na ya pili asomewe tena. Akashukuru, akaenda zake.

Kampeni zikaanza. Kiboko akagawa khanga zenye uso wake, uso mpana mpaka upindo haukuonekana. Nyati akagawa mabonge ya chumvi. Jukwaani Kiboko akamwita Nyati mla majani asiye na shukrani, Nyati akamwita Kiboko pipa lililotoboka. Watu wakaumia mbavu. Wengi walivaa khanga ya Kiboko wakilamba chumvi ya Nyati, na hawakuona ubaya.

Bi Siwema hakupanda kichuguu. Alikwenda kwa Kiboko, mtoni, akasimama ukingoni mikono kifuani.

"Mheshimiwa, nimekuja kuunga mkono."

Yakatokea masikio, kisha macho, kisha matundu ya pua. "Kumuunga nani?"

"Wewe. Nimegombea, nimechoka. Lakini mimi sina khanga ya kugawa wala chumvi. Nikufanyie nini? Nikafikiri, siku ya kura Mheshimiwa anavyosimama juani nusu ya siku. Mwaka ule ngozi ilikupasuka."

"Ilitoka jasho jekundu," Kiboko akasema kwa uchungu. Alipenda kukumbushwa mateso yake. "Nilidhani nakufa. Kwa ajili ya wananchi."

"Basi nikasema, mbona kisimani huwa namshikia nafasi? Na uwanjani nitamshikia. Watu wako wapange nyuma yangu, wewe upumzike majini. Zamu ikifika, unakuja."

"Unanipisha."

"Mheshimiwa, lini nilikushikia nafasi nikakataa kukupisha?"

Kiboko akatafuta kichwani mwake, kote mle, asione siku hata moja. "Na jina lako ubaoni?"

"Nikilifuta, Nyati atashtuka, atauliza kuna nini. Tena naye nitamwambia namshikia yeye, asije akaleta mtu wake wa kunisukuma. Mwache aamini."

Kiboko akacheka mpaka maji yakafurika ukingoni, Bi Siwema akalowa miguu. "Kumbe una akili, mama. Kwa nini hukuwahi kushinda?"

"Ndiyo najiuliza."

Kutoka hapo akaenda kwa Nyati. Nyati alikuwa amelala kwenye tope, ndege wanamchokonoa kupe.

"Afande, samahani. Nimekuja kukupa siri. Kiboko mwaka huu hasimami juani. Amepata mtu wa kumshikia nafasi uwanjani."

Nyati akainuka kwa mbele. "Mtu gani?"

"Mimi."

"Na unaniambia?"

"Nakwambia kwa sababu yeye anadhani namshikia yeye. Mimi moyo wangu uko kwako, Afande. Hivi kweli watu wawaone, yule anapumzika kivulini kama sultani, na wewe umesimama mwenyewe kama mchunga kondoo?"

Hilo lilimchoma. Nyati angeweza kuvumilia jua, lakini hakuweza kuvumilia jua ambalo Kiboko halimpigi.

"Watu wangu wapange wapi?"

"Nyuma yangu, upande wa mbugani. Wa Kiboko watakuwa upande wa mtoni. Wewe baki kwenye tope lako. Zamu ikifika, njoo."

"Halafu yule mpumbavu atakuja adai nafasi, akute nimesimama mimi," Nyati akasema. Akafurahi sana. Akatikisa kichwa, ndege wakaruka.

Habari zikaenea kwamba Bi Siwema ameunga mkono. Kila mtu alijua amemuunga mtu fulani, na kila upande ulisema ni mtu wao. Hatibu alifurahi, akasema sasa angalau nyumbani kutakuwa na amani. Bi Nungu ndiye aliyekuja amefura, miiba imesimama, inagongana njiani, cha, cha, cha.

"Siwema. Ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Umetuuza."

"Nani kakwambia?"

"Jimbo zima. Mimi niliyesimama nyuma yako peke yangu mbele ya watu, mara mbili, nikachekwa mpaka na vyura, leo unakwenda kuwashikia nafasi wale?"

Bi Siwema alitaka kumwambia. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Lakini alimjua Bi Nungu: akifurahi hawezi kunyamaza, akikasirika hawezi kunyamaza. Akageuza uso, akaendelea kuchambua mboga.

"Siku ya kura njoo tu, shoga."

"Nije kufanya nini? Sitampigia mtu." Akaondoka, cha, cha, cha, na Bi Siwema akachambua mboga ile ile mpaka ikabaki mishipa.

Siku ya kura kulipopambazuka, Korongo akasimama katikati ya uwanja akasoma kanuni. Waliokuwepo ni wadogo wachache waliowahi kivuli. Walisikiliza jinsi watu wanavyosikiliza kanuni, yaani wakitafuna. Bi Siwema alisimama kwenye kituta kidogo katikati, amejifunga kitenge chake cha siku zote.

Watu wakaanza kumiminika. Wa mtoni wamevaa khanga, wa mbugani midomo myeupe kwa chumvi.

Ngiri akafika, akasita. "Bi Siwema, huu mstari wa nani?"

"Wewe umemfuata nani?"

"Mheshimiwa Kiboko. Katuambia tupange nyuma ya pimbi, unamshikia nafasi."

"Ndiyo alivyosema. Basi simama hapo, usizibe wenzako."

Upande wa pili Digidigi akauliza swali lile lile kuhusu Afande, akapewa jibu lile lile. Hakuna aliyeshangaa. Wangeshangaa nini? Tangu wazaliwe wameona wadogo wakiwashikia wakubwa nafasi. Kumwona Kiboko amepanga foleni, hapo ndipo wangepiga kelele.

Mistari ikarefuka. Mmoja ukashuka upande wa mtoni mpaka ukagusa ua wa uwanja, mwingine ukaenda mpaka ukapotea kwenye nyasi. Bi Siwema, ambaye Mungu hakumpa mkia, siku hiyo alikuwa na mikia miwili. Hatibu alikuwa kwenye ule wa mtoni, kofia mabegani. Bi Nungu alikaa peke yake chini ya mgunga nje ya uwanja, amewapa mgongo.

Jua likapanda. Bi Siwema moyo ulikuwa unamdunda, du, du, du. Mkubwa mmoja akiamua kuja kunyoosha miguu tu, akaja akasema nipishe, basi mstari umekwenda, kisima kimekwenda. Akatazama mtoni: masikio mawili juu ya maji, yametulia. Akatazama topeni: mgongo mweusi na ndege juu yake. Kila mmoja alikuwa anasubiri zamu, na kila mmoja alikuwa anamcheka mwenzake.

Korongo akainua baragumu. Buuuu.

Kiboko akasikia. Akajua zamu imefika. Akatoka majini taratibu, kwa heshima, kama anavyokwenda kisimani, kwa maana kisimani hata ukichelewa jiwe lako linakungoja. Nyati naye akainuka topeni, akajinyoosha, akajikung'uta. Wakakutana mlangoni mwa uwanja, kila mmoja akimpa mwenzake tabasamu la kumsikitikia.

Mlangoni walisimama mbuni wawili, walinzi.

"Uwanja umefungwa," mbuni mmoja akasema.

"Nakwenda kwenye nafasi yangu," Kiboko akasema. "Nimeshikiwa."

"Mpaka hesabu iishe, Mheshimiwa."

"Kijana, unanijua mimi?"

"Nakujua. Ndiyo maana nimekuita Mheshimiwa."

Ndani, Korongo alikuwa ameshafika kwenye kituta. Akamtazama Bi Siwema. Akautazama ubao. Akautazama mstari wa kulia, akautazama wa kushoto, akarudi kwa Bi Siwema. Kanuni zilisema mstari ni wa mgombea aliyesimama mbele yake. Hazikusema asiwe na miwili. Akainamisha shingo akaanza. Ko, ko, ko, mpaka mwisho wa upande wa mtoni. Akarudi. Ko, ko, ko, mpaka kwenye nyasi. Hakubaki mtu hajaguswa ila Bi Nungu chini ya mgunga wake, ambaye miaka yote alikuwa kura pekee ya Bi Siwema, na siku Bi Siwema anashinda ndiyo siku aliyogoma.

"Siwema, jimbo zima," Korongo akatangaza. "Kiboko, hakuna. Nyati, hakuna."

Watu wakatazamana. Kisha Ngiri akasema kwa sauti kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa anampigia mama. Digidigi akasema yeye tangu wakati wa kunde. Muda si muda uwanja mzima ulikuwa unaimba Mheshimiwa Siwema, khanga za Kiboko zimegeuzwa ndani nje. Hatibu akaivua kofia, akapenya mpaka kituta kilipo, akamwuliza mkewe kama Mheshimiwa anahitaji kufunikiwa jua.

Na usiniambie kwamba amewaibia watu kura zao. Walikuwa wameshaziuza. Kama pale aliibiwa mtu, aliibiwa mnunuzi.

Wanunuzi walimfuata Korongo mpaka kwenye banda lake la kazi. Bi Siwema alikuwa humo, anaweka alama ya kidole. Kiboko aliingia kwa shida, akajaza nusu ya banda. Nyati akajaza iliyobaki.

"Haya mama," Kiboko akasema, anahema, "umenishikia vizuri. Sasa nipishe."

"Nipishe mimi," Nyati akasema. "Alikuwa ananishikia mimi."

"Alikuwa anakudanganya."

"Wewe ndiye aliyekuwa anakudanganya. Aliniambia."

"Aliniambia pia kwamba atakuambia."

Akili, unajua, ilikuwa inasafiri mwendo mrefu kufika mahali pake. Kisha wote wawili wakamgeukia pimbi kwa pamoja.

"Kisimani," Kiboko akasema polepole, "mtu akirudi anapishwa."

"Kisimani ndiyo," Bi Siwema akasema. "Uwanjani kuna kanuni. Zilisomwa asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa majini."

"Uliniachia mimi nizisikilize. Nikazisikiliza."

Nyati akapiga kwato chini, puu, vumbi likashuka darini. Akamgeukia Korongo. "Msimamizi, wale ni watu wangu. Kila mtu anajua ni wangu. Kila mmoja wao kalamba chumvi ya—"

Kiboko akamkanyaga mguu.

Korongo akawa ameshaichukua kalamu. "Chumvi ya nani, Afande? Niandike?"

"Hapana," Nyati akasema.

"Na Mheshimiwa, wako unawajuaje?"

Kiboko akaangalia dirishani, ambako khanga zenye uso wake zilikuwa zinapita zikicheza ngoma ya mtu mwingine. "Kwa mapenzi tu," akasema. "Nilihisi wananipenda."

"Mapenzi hayamo kwenye kanuni," Korongo akasema, akarudisha kalamu.

Basi wakabadilisha sauti. Wakubwa wakishindwa kwa mguu hujaribu kwa asali. Kiboko akamwita dada. Akamwambia kule bungeni kuna giza, hajui viti, hajui nani wa kumwamkia, ataonewa mtoto wa watu. Wao watamsaidia. Nyati akasema ukuta ukijengwa, ndani ya ukuta patakuwa na kona ya pimbi, kona nzuri, na bomba lake. Peke yake. Jimbo zima linaona kiu, yeye anakoga.

Bi Siwema akasikiliza mpaka mwisho. Akakubali kimoja tu moyoni: kwamba hajui viti. Akapangusa kidole chake kwenye kitenge.

"Kesho asubuhi mje kisimani," akasema. "Mje na ndoo. Atakayefika nyuma asimame nyuma."

"Sisi?" Kiboko akauliza.

"Nyinyi."

"Juani?"

"Jua ni lile lile la watu wote, Mheshimiwa."

"Na kama mtu ana shughuli, si atashikiwa—"

"Anayenyonyesha atashikiwa. Unanyonyesha?"

Nyati akacheka bila kutaka, akajikohoza. Kiboko akaanza kusema tena, kwamba wazungumze kama watu wazima, kwamba yeye ana jina, kwamba rufaa ipo, kwamba mwanamke haondoki wakubwa wakiwa bado wanaongea. Nyati akaongeza la kwake. Banda likajaa maneno juu ya miili iliyokwisha kulijaza.

Bi Siwema akapita chini ya tumbo la Kiboko mpaka mlangoni. Akageuka.

"Mkubwa anayeona aibu kusimama juani na watu wake," akasema, "asilie watu wakihesabiwa kwa aliyesimama."

Akatoka, akaufunga mlango.